Robo ya gharama isiyoishia robo

Tangu 2016 jimbo la Indiana, Marekani, limekuwa likizipa kaunti, majiji na miji yake midogo fedha za kutengeneza barabara na madaraja kwa sharti moja: nawe toa chako. Mfuko wenyewe unaitwa Community Crossings, unasimamiwa na INDOT, idara ya uchukuzi ya jimbo, na umeshatoa zaidi ya dola bilioni 1. Ulivyopangwa kabla ya sheria ya 2025, mji wenye watu chini ya 10,000, au kaunti yenye watu chini ya 50,000, huweka asilimia 25 na jimbo huweka 75. Waliozidi hapo ni nusu kwa nusu. Wanasiasa wanapenda kuitaja hesabu hiyo jukwaani kwa sababu ni fupi. Mweka hazina wa mji mdogo akiichukua kama ilivyotamkwa, kazi ikifika katikati atakuwa anatafuta fedha ambazo bajeti haikuzitaja popote.

Asilimia ya mchango ni kitu cha mwisho kutazama. Cha kwanza ni orodha ya vitu ambavyo jimbo halivihesabu. Orodha hiyo ndiyo inayoamua mji utalipa nini hasa na, baya zaidi, ndiyo inayoamua kazi ipi itafanyika na ipi itaachwa ioze.

Kwanza fedha zinatoka wapi. Mwaka 2017 bunge la Indiana lilipandisha kodi ya petroli kutoka senti 18 hadi 28 kwa galoni, yaani ongezeko la karibu senti 2.6 kwa lita, likaongeza na ada ya dola 15 kwenye usajili wa gari. Mkenya aliyeona tozo ya matengenezo ya barabara ikipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita Julai 2024 anaujua mtindo huo. Kodi ya mafuta Indiana hugawanywa kwa fomula kati ya jimbo na serikali za mitaa, na kila kaunti inajua itapata nini bila kuomba. Ruzuku ya kuchangiana inakuja juu ya hapo, na hii huombwa: dirisha hufunguliwa, mji hupeleka mradi, jimbo huchagua. Sheria iliweka kinga moja ya maana, kwamba nusu ya fedha ziende kwenye kaunti zenye watu 50,000 au chini, pamoja na miji iliyomo. Bila kinga hiyo majiji yenye ofisi kamili za wahandisi yangezoa kila kitu. Sheria ya 2025 imegusa baadhi ya masharti, kwa hiyo anayeomba leo asome tangazo la mwaka wake. Mambo ninayoyachambua hapa ni ya muundo, na hayaponi kwa kubadilisha asilimia.

Tuchukue mji wa watu 6,000, wa kubuni, wenye mradi wa dola 400,000 kwenye makadirio. Jimbo linaahidi 300,000, mji unaandika barua ya kuthibitisha kwamba 100,000 zake zipo. Usanifu hauhesabiwi. Kununua ardhi ya kupanulia njia hakuhesabiwi. Kuhamisha bomba la maji lililokutwa chini ya barabara nako hakuhesabiwi. Tuseme mambo hayo yamekula dola 48,000. Kisha zabuni zinafunguliwa na ya chini kabisa ni 450,000. Ahadi ya jimbo ina kikomo, nacho ni zile 300,000. Mji unalipa 150,000 za ujenzi na 48,000 za pembeni, jumla 198,000 katika mradi uliogharimu 498,000. Hiyo ni karibu asilimia 40. Hakuna aliyedanganya, kila karatasi ni halali, na robo imekuwa mbili ya tano.

Geuza upande wa pili. Zabuni ikija chini, mathalani 360,000, jimbo linalipa asilimia 75 ya bei halisi, yaani 270,000. Jimbo limeokoa 30,000, mji umeokoa 10,000. Bei ikishuka faida inagawanywa, ikipanda hasara ni ya mji peke yake. Mtu yeyote aliyewahi kuuza kwa mali kauli ataliona tatizo hapo. Matokeo yake ni kwamba mhandisi mwenye akili huvimbisha makadirio ili ahadi ya jimbo iwe kubwa, na asiye na mhandisi hutumia bei ya mwaka jana na kuumia. Mfumo unamlipa anayekuza makadirio, halafu unalalamika kuwa makadirio hayaaminiki.

Bei yenyewe inapandishwa na kalenda ya jimbo. Madirisha ya maombi yamezoeleka kuwa mawili, Januari na Julai. Anayepata ruzuku hupewa miezi minne awe amesaini mkataba. Wa dirisha la Januari hupata jibu majira ya kuchipua, na hapo miji na kaunti lukuki hutangaza zabuni ndani ya wiki zilezile, kwa mitambo ya lami ileile na makandarasi walewale ambao ratiba zao za kiangazi zimeshajaa. Indiana haitandikwi lami mwaka mzima. Baridi ikiingia, lami ya moto hupoa kabla rola la kushindilia halijapita mara za kutosha. Hewa inabaki ndani ya tabaka, na maji hufuata njia hiyohiyo. Mitambo mingi hufungwa hadi baridi iishe. Mkandarasi anayejua kwamba mji una miezi minne na msimu una wiki chache hana sababu ya kupunguza bei. Waombaji wa Julai wana nafuu: wanatangaza zabuni mwishoni mwa mwaka, makandarasi wakiwa wanatafuta kazi za kuanzia msimu ujao. Mji wenye uwezo wa kungoja miezi sita ungeombea Julai kila mara. Lakini baraza linalokabiliwa na uchaguzi halingoji.

Kuna sharti moja ninalolisifu bila kusita. Jimbo halipokei ombi la mji usio na mpango ulioidhinishwa wa kusimamia barabara zake. Mpango huo unataka kila kipande cha barabara kiwe kimekaguliwa na kupewa alama, na wengi hutumia kipimo cha PASER kilichobuniwa Chuo Kikuu cha Wisconsin. Alama ni 1 hadi 10. Kumi ni mpya. Saba inahitaji nyufa zizibwe tu. Sita na tano zinatosheka na kunyunyiziwa lami na kumwagiwa kokoto, au tabaka jembamba. Nne inataka tabaka la kubeba mzigo, sentimita 5 kwenda juu. Tatu ni viraka vya kina kabla ya tabaka hilo, na mbili na moja ni kufumua yote. Kituo cha LTAP, yaani cha msaada wa kiufundi kwa serikali za mitaa, kilichopo Chuo Kikuu cha Purdue, hufundisha watu wa mitaa kukagua hivyo, gari likitembea taratibu, mmoja anaendesha na mmoja anaandika. Miji ambayo haikuwahi kuwa na orodha ya barabara zake sasa inayo, na orodha hiyo itabaki hata mfuko ukifungwa kesho. Kabla ya hapo barabara ilitengenezwa kwa sababu diwani anaishi pale.

Kasoro ya PASER ni kwamba inasoma uso. Mkaguzi aliye ndani ya gari anaziona nyufa za ngozi ya mamba kwenye mkondo wa matairi, anaandika 4 au 3, na ruzuku inaombwa ya tabaka jipya. Nyufa hizo ni dalili kwamba tabaka la chini limelegea, na mara nyingi limelegea kwa sababu mtaro umejaa udongo, au bega la barabara limepanda juu kuliko lami hadi maji hayatoki. Maji yakikaa chini ya lami majira ya baridi yanaganda na kuinua, yakiyeyuka yanaacha uwazi, lori likipita lami inapinda na kukatika. Ukitandika juu yake tabaka la sentimita 3.8 hujatibu kitu. Nyufa za chini zitapanda tena hadi juu.

Na tabaka hilo si mchezo. Maili moja ya barabara yenye upana wa mita 6.7 ni kama mita za mraba 10,800. Kwa unene wa sentimita 3.8 zinahitajika mita za ujazo 410 za lami iliyoshindiliwa, takriban tani 965. Malori 45 hadi 50 ya tani 20 kwa maili moja. Kuchimba mitaro ya maili hiyo pande zote mbili na kukwangua mabega ni kazi ya greda, kijiko na malori mawili ya mji wenyewe kwa siku chache. Mtu yeyote wa ujenzi angeanza na mitaro. Lakini mitaro ya kila mwaka ni matengenezo ya kawaida, haiombewi ruzuku, na saa za wafanyakazi wa mji hazihesabiwi kuwa mchango, kwani mchango unaotakiwa ni fedha. Basi angalia kinachotokea: mji una dola 100,000. Ukizitumia kwenye mitaro zinabaki 100,000. Ukizitumia kwenye lami zinakuwa 400,000. Hata ningekuwa mimi kwenye baraza hilo, ningepiga kura ya lami, na ningekuwa nimekosea kwa miaka kumi ijayo.

Kalvati zina bahati mbaya zaidi. Sheria ya taifa ya ukaguzi wa madaraja ilizaliwa baada ya Silver Bridge, kati ya Ohio na West Virginia, kuanguka tarehe 15 Desemba 1967 na kuua watu 46. Inataka kila daraja la barabara ya umma lenye urefu unaozidi futi 20, yaani mita 6.1, likaguliwe, kwa kawaida kila baada ya miezi 24. Kilicho chini ya urefu huo hakimo. Kaunti ina mamia ya mabomba ya bati lenye mikunjo yaliyopita chini ya barabara, na sheria hiyo haimlazimishi mtu kuinama kuyatazama. Bomba la bati huliwa kutoka chini, pale maji na changarawe vinaposugua. Kwa juu linaonekana zima. Sakafu yake ikitoboka, maji yanaanza kuchota udongo wa nje na kuuingiza ndani, na barabara inabaki ikining'inia juu ya tundu lisiloonekana hadi siku lori la taka linapozamisha gurudumu. Mkaguzi wa PASER alipita hapo akatoa 6.

Kosa linalorudiwa ni kutandika lami kwanza. Lami mpya, miaka miwili, bomba linabomoka, barabara inachimbwa, kiraka kinabaki na mshono unaovuja upande huu na ule. Huhitaji ruzuku kuliepuka. Kabla ya kuandika ombi, mtu apite kila kalvati ya kipande hicho na tochi na nyundo, agonge sakafu ya bomba, apime kama umbo lake limebonyea, aangalie kama kuna shimo dogo kwenye bega la barabara juu yake. Yaliyooza yaingie kwenye mradi huohuo kama sehemu ya kazi ya barabara, kwa maana ndani ya mradi yanahesabika ilhali peke yake yangekuwa shida ya mji.

Kipimo kingine kinachorukwa ni kutoboa sampuli. Mashine ya kukata vipande vya duara vya sentimita 10 kwenye lami inatoa jibu kwa siku moja: unene halisi ni upi. Michoro ya zamani inasema sentimita 15, sampuli inaonyesha 6. Ukiwa umeandika kwenye zabuni kwamba mkandarasi akwangue 5, mashine yake itaacha ngozi ya sentimita 1, magari ya kazi yatapita juu yake, itavunjika vipandevipande, na asubuhi ya pili unaombwa usaini nyongeza ya kazi kwa sababu sasa ni kokoto tupu. Nyongeza hiyo inatoka mfukoni mwa mji, maana ahadi ya jimbo ilishafungwa.

Tukija kwenye madaraja, tatizo la kisichohesabiwa linakuwa la hatari. Mfano ulio wazi hauko Indiana, uko Pittsburgh, Pennsylvania. Daraja la Fern Hollow, mali ya jiji, lilianguka alfajiri ya tarehe 28 Januari 2022 likiwa na basi na magari kadhaa juu yake. Hakuna aliyekufa. Lilikuwa la chuma cha aina inayojivika kutu ya nje ili ijikinge na kutu ya ndani, lakini kinga hiyo hufanya kazi chuma kikiloa na kukauka kwa zamu. Matundu ya kutolea maji yaliziba, takataka zikarundikana kwenye miguu ya daraja, chuma hakikukauka, kutu ikala hadi ndani. Wachunguzi wa ajali wa taifa, NTSB, walihitimisha kwamba jiji halikufanyia kazi mapendekezo ya matengenezo yaliyorudiwa ripoti baada ya ripoti. Daraja lilikuwa kwenye kundi la hali mbaya tangu 2011.

Mapendekezo yenyewe yalikuwa pamoja na kuzibua na kusafisha. Koleo, mpira wa maji, watu wachache. Gharama hiyo ilikuwa ya jiji kwa asilimia 100. Daraja jipya, lililofunguliwa Desemba mwaka huohuo kwa takriban dola milioni 25, lililipwa na serikali kuu. Sidai kwamba kuna ofisa aliyekaa akasubiri lianguke. Nasema mfumo ulipanga bei hivyo: usafi ni wako, maafa ni ya Washington. Sheria ya miundombinu ya 2021, iliyotenga dola bilioni 27.5 za madaraja kwa miaka 5, ilizidisha mwelekeo huo hata ilipokuwa na nia njema: asilimia 15 ya fedha hizo zilitengewa madaraja ya mitaa yaliyo nje ya mtandao mkuu, na kwa hayo serikali kuu inalipa yote, bila mchango. Madaraja hupimwa kwa alama 0 hadi 9, na kuanzia 4 kushuka ni hali mbaya. Kaunti yenye daraja la alama 5, ambalo lingeokolewa kwa kubadilisha jointi na kuziba nyufa za sakafu, inaona jirani mwenye alama 4 akijengewa jipya bure.

Kwa Indiana na Ohio, ambako madaraja mengi madogo ni ya boriti za zege zilizopangwa ubavu kwa ubavu kama magogo, jointi ndiyo kila kitu. Katikati ya boriti na boriti kuna mfereji uliojazwa zege laini. Ukipasuka, maji ya chumvi ya kuyeyushia barafu yanashuka hapo na kukuta nyaya za chuma zilizovutwa ndani ya boriti. Nyaya zikianza kukatika huwezi kuzirudisha. Utando wa kuzuia maji juu ya sakafu, kabla ya lami, unazuia yote hayo. Ruzuku ya jimbo inakubali ukarabati wa madaraja, na hapa ndipo ningepeleka maombi ya kaunti ndogo, maana kikomo cha ruzuku cha kila mwaka hakitoshi kubadilisha daraja kubwa lakini kinatosha kuziba maji kwenye madogo kadhaa.

Ohio jirani wamepanga tofauti tangu 1987, wapiga kura walipoidhinisha katiba iruhusu dhamana za kugharamia miundombinu ya mitaa. Mei 2025 waliidhinisha tena dola bilioni 2.5 kwa miaka 10. Tume yao ya kazi za umma hulipa hadi asilimia 90 ya kukarabati au kubadilisha kilichopo, na hadi 50 tu ya kujenga kipya au kupanua. Tofauti hiyo ina busara: inamwambia meya atunze alichonacho kabla hajakata utepe. Usanifu unaingia kwenye gharama zinazohesabiwa. Kuna mikopo isiyo na riba kwa mji ambao hauna mchango mkononi. Wanaopima maombi ni kamati za wilaya zenye wawakilishi wa serikali za mitaa wenyewe. Si pepo, kwani kamati hutoa alama za ziada kwa anayechangia zaidi, na mwenye nacho huongezewa. Ila mji wa watu 6,000 unajua kabla ya kuomba kwamba mhandisi wake atalipwa.

Indiana ingeweza kubadilisha mambo matatu bila kuongeza senti kwenye mfuko. La kwanza, kama Ohio, ni kuhesabu usanifu, hata kwa kikomo cha asilimia 10 ya mradi. La pili ni kugawana bei inapopanda kama inavyogawana inaposhuka, tuseme hadi asilimia 10 juu ya makadirio, na zaidi ya hapo mji ubebe wenyewe ili kusiwe na uzembe. La tatu najua litapingwa: saa za kuchimba mitaro na kuzibua kalvati kwenye kipande kinachoombewa zihesabiwe kuwa sehemu ya mchango. Watasema saa zinaghushiwa. Mtaro hauwezi kughushiwa. Mkaguzi akifika na kipimo, sakafu ya mtaro lazima iwe chini kuliko kitako cha tabaka la kokoto, walau kwa sentimita 15, na mdomo wa kalvati uwe wazi pande zote mbili. Picha kabla, picha baada, vipimo kila mita 50. Mji uliofika hapo ndio utandikiwe lami. Ambao haujafika, ombi lake lingoje dirisha linalofuata.